Mwanamuziki wa Kujitegemea na Saa Zake za Kazi

Katika miji yetu mtu akiulizwa kazi yake akajibu kwamba yeye ni mwanamuziki, aghalabu huulizwa mara ya pili: "Vema, lakini kazi unafanya wapi?" Swali hili huulizwa bila nia mbaya, na huulizwa hata na watu ambao jioni ile ile watalipa kiingilio na kucheza mpaka usiku wa manane. Sisi twaona kwamba ndani yake mna makosa mawili. La kwanza ni la muulizaji, ambaye hajatambua kuwa yule anayemfurahisha amefanya kazi ya miaka mingi kabla ya usiku huo. La pili, na hili ndilo tunalotaka kulizungumza leo, ni la mwanamuziki mwenyewe, ambaye mara nyingi hana jibu la kutoa. Hana saa ya kuanza kazi wala ya kumaliza, hana daftari la mapato, hana karatasi inayoonyesha kwamba wimbo anaouimba ni wake, wala hajui mwaka ujao utamkuta wapi.

Twawaandikia wafanyakazi, nao wanajua maana ya zamu, zana na ujira. Fundi wa karakana haji kazini pale moyo unapompenda kuja. Mkulima hangoji apate hamu ndipo apalilie. Kwa nini basi tukubali kwamba mpiga gitaa aishi kwa kungoja hamu?

Yafaa tukumbuke kwamba haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kiliunda bendi yake, NUTA Jazz, na wapigaji wakawa waajiriwa kama walivyokuwa makarani na madereva. Bendi hiyo ilibadili jina kila mwajiri alipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo twaijua kwa jina la mtindo wake, Msondo Ngoma. Mwaka 1971 vijana wa TANU wakapata Vijana Jazz. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park chini ya shirika la teksi na usafirishaji, nayo mwaka 1983 ikahamia kwa Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC, ikiwa na Sikinde yake. Polisi na majeshi nayo yalikuwa na bendi zao. Mpango huu ulikuwa na faida ambayo wengi wameisahau: mpigaji alipata mshahara wa mwezi hata kama mvua ilifukuza watu ukumbini, alipewa chombo cha kupigia, na juu ya yote alilazimika kufika mazoezini. Nyimbo za miaka hiyo, ambazo mpaka leo huwainua wazee vitini, zilikuja kwa sababu watu wale wale walikaa chumba kimoja siku za kazi, wakarudia kile kile mpaka magitaa matatu yakawa yanazungumza bila kukatana maneno.

Lakini mpango huo ulikuwa na ufa. Gitaa lilikuwa la mwajiri, na tarumbeta, na vipaza sauti. Aliyetaka kuondoka aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo sababu wapigaji walikuwa wakihama kutoka bendi hata bendi, kwani njia pekee ya kuongezewa ujira ilikuwa ni kununuliwa na mwajiri mwingine mwenye vyombo vingine. Super Matimila, bendi iliyomtangaza Remmy Ongala ng'ambo, ilichukua jina la mfanyabiashara mwenye vyombo. Mbaraka Mwinshehe, ambaye Morogoro Jazz ilijulikana kila pembe kwa gitaa lake, alijitoa mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Miaka sita haikutimia. Januari ya mwaka 1979 alikufa kwa ajali ya gari huko Mombasa, kabla hajafikisha umri wa miaka 35.

Kuanzia miaka ya 1990 mashirika ya umma yalianza kujitoa katika muziki, redio za watu binafsi zikaja, na kompyuta ikafanya kazi ya studio nzima. Leo kijana wa Tandale aweza kurekodi wimbo chumbani mwake. Amekuwa mwanamuziki wa kujitegemea, na neno hilo wasomaji wetu wanalijua vizuri kuliko wengine. Kujitegemea hakukupata kuwa na maana ya kuachwa peke yako. Maana yake ni kupanga nguvu zako mwenyewe, na hapa ndipo mwanamuziki wa leo anapopungukiwa: msimamizi wa mazoezi ameondoka, na yeye hajajiwekea msimamizi mwingine.

Tuanze na mazoezi, maana ndiyo jembe lenyewe. Kuna kosa moja limeenea sana, la kudhani kwamba mazoezi ya bendi na mazoezi ya mtu ni kitu kimoja. Sivyo. Bendi inapokutana, kazi yake ni kupatanisha sauti, kukubaliana wimbo waanzaje na chemko liingie wapi. Hapo si mahali pa mtu kujifunza vidole vyake. Tena kelele za wenzake humficha. Mpiga rizimu asiyejua mkono wake aweza kukaa katika bendi mwaka mzima bila kugunduliwa, mpaka siku mpiga solo anapougua.

Mwaka 1993 wataalamu watatu, mmoja wao K. Anders Ericsson, walichapisha uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa fidla katika chuo cha muziki cha Berlin. Waliwaweka katika mafungu matatu: wale bora kabisa, wale wazuri, na wale waliokuwa wakisomea ualimu. Wakahesabu saa walizofanya mazoezi peke yao tangu utotoni. Kufikia umri wa miaka 18 wale bora walikuwa na wastani wa saa 7,410, wale wazuri 5,301, na walimu watarajiwa 3,420. Hesabu hii imewafanya watu wengi kushika idadi ya saa elfu kumi kana kwamba ni nauli ya basi, ukiilipa unafika. Ericsson mwenyewe aliikataa tafsiri hiyo. Sisi twaona kwamba jambo lenye mafunzo zaidi katika uchunguzi ule ni namna saa zile zilivyotumika. Wale bora hawakupiga fidla tangu asubuhi hadi jioni. Walipiga kwa vipindi vya kama saa moja na dakika ishirini, wakapumzika, wakarudi. Wengi walifanya hivyo asubuhi akili ikiwa mpya. Na walilala zaidi kuliko wenzao, wakaongeza na usingizi wa mchana. Mtu anayejisifu kwamba amekesha na gitaa siku tatu asidhani kwamba ametushangaza.

Je, mazoezi yenye faida hufanywaje? Mtu asiyejua hushika chombo, huupiga wimbo anaoupenda kuanzia mwanzo, hufika pale penye ugumu, hukosea, hucheka, huendelea mpaka mwisho, kisha huanza tena. Baada ya mwezi amepiga mara mia mahali palipokuwa rahisi tangu siku ya kwanza, na lile kosa moja amelifanya mara mia vilevile, hata sasa limekuwa mazoea. Mtu ajuaye huenda moja kwa moja pale penye ugumu. Hukata vipigo vinne au vitano tu, huvipiga polepole mno, polepole kiasi cha kuudhi, kwa kufuata chombo cha kuhesabia mapigo, ambacho siku hizi kimo bure katika simu. Haongezi mwendo mpaka amepiga mara kadhaa mfululizo bila kosa. Wale waliopitia kwaya za misheni watamkumbuka mwalimu wa solfa aliyekataa kwenda mstari wa pili mpaka sauti ya tatu imetulia. Tulimwona mkali, naye alikuwa akifanya tu yale ambayo wataalamu wamekuja kuyaandika vitabuni.

Jambo jingine ambalo halipendezi lakini ni kweli: afadhali kugawa kipindi kimoja katika mambo matatu yanayozunguka kuliko kukaa na jambo moja mpaka lichoshe. Dakika kumi za skeli, dakika kumi za ile sehemu ngumu, dakika kumi za wimbo mpya, kisha kurudi kwenye ile sehemu ngumu wakati vidole vimekwisha kuisahau kidogo. Mtu hujiona hafanyi vizuri, maana kila akirudi hukuta ugumu upya. Lakini ule ugumu wa kukumbuka ndio unaokaza elimu kichwani, na kesho ataikuta bado ipo.

Halafu ajirekodi. Simu hiyo hiyo inayompotezea saa nyingi kwa vichekesho inaweza kuwa mwalimu asiyejua upendeleo. Mpigaji anapokuwa akipiga, sikio lake lina kazi nyingi. Anaposikiliza kesho yake ametulia, husikia kila mahali alipokimbia mbele ya mapigo na kila mahali sauti yake ilipoteremka. Aandike katika daftari mambo mawili ya kurekebisha. Mawili yatosha. Kesho anaanza na hayo, wala hapotezi robo saa akijiuliza leo nifanye nini.

Tunajua wengi wa wanaotusoma wana kazi nyingine mchana. Mpiga besi ni utingo, mwimbaji ni mwuza duka, na hakuna aibu. Kwao twasema dakika 40 za kila siku, kabla ya kwenda kazini, zina nguvu kuliko saa tano za Jumapili. Najua hufika udhuru wa nyumba za kupanga, zenye vyumba sita na ukuta mwembamba. Lakini gitaa la umeme lisilounganishwa halimwamshi mtoto wa jirani. Mpiga ngoma aweza kupiga juu ya kipande cha mpira wa gurudumu. Mwimbaji aweza kupasha sauti kwa kuvumisha midomo imefungwa. Mpiga tarumbeta, kusema kweli, huyo itambidi aende ufukoni, nasi twamwonea huruma yeye na samaki pia.

Kizazi kilichotangulia hakikuwa na shule za muziki. Kilijifunza kwa kusikiliza sahani za Kuba zilizofika pwani yetu, zile za mfululizo wa GV, na baadaye sahani za Kongo, zikirudiwa mpaka sindano ikachakaa. Salum Abdallah wa Morogoro hata bendi yake akaiita Cuban Marimba. Kuiga kwao kulikuwa ni masomo: waliiga mpaka wakajua wimbo umejengwaje, kisha wakatunga yao kwa Kiswahili chao. Wapo leo wanaoiga ili kujaza ukumbi, na baada ya miaka kumi bado wanaimba nyimbo za watu wengine. Ukumbi unajaa, ni kweli. Lakini mwenye wimbo yuko kwingine.

Neno moja juu ya masikio, kwa kuwa wafanyakazi wa viwandani watalielewa. Wataalamu wa afya kazini wamekubali kwamba kelele ya desibeli 85 mtu asikae nayo zaidi ya saa nane kwa siku, na kila inapoongezeka desibeli tatu muda huo ukatwe nusu. Jukwaani mbele ya spika kelele hupita hapo kwa mbali sana. Kiwandani tungedai vizibo vya masikio. Mwanamuziki hadai, naye masikio ndiyo mtaji wake wote, na yakiisha kuharibika kwa kelele hayatengenezeki.

Sasa tuje kwenye mpango wa maisha. Hapa twaona vijana wengi wana ndoto bila kalenda. Kazi ya muziki ina misimu kama shamba. Mwezi wa Ramadhani kumbi nyingi za pwani hunyamaza, Idi ikifika kila mtu ataka bendi. Harusi huja kwa mafungu. Bara, watu hupata fedha baada ya mavuno, na Desemba hujaa kila mahali. Anayejua hayo haliliwi na Ramadhani: huufanya kuwa mwezi wa kutunga, wa kufundishana nyimbo mpya na wa kurekodi, akila akiba aliyoiweka wakati wa neema. Asiyejua hukopa, huweka gitaa rehani, na Idi inapofika anakodi chombo kilichokuwa chake.

Kwa hiyo sharti la kwanza ni daftari. Kila shilingi iliyoingia, imetoka kwa nani, siku gani. Kila iliyotoka, imekwenda kwa nini. Nyuzi, nauli, chakula cha wapigaji, fundi wa mitambo. Wengi wakifanya hesabu hii kwa miezi mitatu watagundua kwamba ile kazi ya sifa katika hoteli kubwa huwatia hasara, na kwamba kufundisha watoto wanne kinanda siku za Jumamosi ndiko kunakolipa kodi ya nyumba. Kufundisha si kushindwa. Fungu fulani la kila malipo, hata likiwa dogo, litengwe kwa ajili ya chombo, maana tumekwisha kuona katika historia yetu kwamba mwenye chombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Fungu jingine liende kwenye hifadhi ya jamii. NSSF hupokea waliojiajiri, na mwanamuziki ni mtu aliyejiajiri. Inatuchoma moyo kusikia mara kwa mara mchango wa matibabu ukiitishwa redioni kwa ajili ya mtu ambaye redio hiyo hiyo imepiga nyimbo zake kwa miaka thelathini.

Sharti la pili ni karatasi, nalo ndilo linalodharauliwa kuliko yote, kwa sababu watunzi wetu ni marafiki na marafiki huona haya kuandikiana. Wimbo "Malaika" umezunguka dunia. Umeimbwa na Miriam Makeba, umeimbwa na Boney M., na mpaka leo watu wa Afrika Mashariki wanabishana ni nani hasa aliyeutunga, Fadhili William wa Kenya au mwingine. Laiti kungalikuwa na ukurasa mmoja wenye tarehe na sahihi! Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote, na baada ya kufa kwake huwalinda warithi wake kwa miaka 50. Ulinzi huo huanza wimbo unapotungwa. Lakini mbele ya hakimu ulinzi wataka ushahidi, na kuandikisha kazi COSOTA ni namna mojawapo ya kuupata. Kabla hata ya hapo, siku wimbo unapokamilika, waliokuwamo chumbani waandike: maneno ni ya nani, muziki ni wa nani, aliyetengeneza mdundo katika kompyuta apata fungu gani. Wakiandika wakiwa bado hawana kitu watapatana kwa dakika tano. Wakingoja mpaka wimbo upendwe watahitaji wakili.

Na mkataba usomwe. Zamani kidogo, enzi za kanda na za sidii, vijana wengi waliuza albamu nzima kwa mkupuo mmoja, wakapewa fedha mkononi, wakamwachia msambazaji mali ya maisha yao. Walikuwa na njaa, hatuwalaumu. Leo njia ni nyingi, lakini mtego ni ule ule kwa maandishi madogo zaidi. Mtu aulize mambo matatu: natoa haki gani, kwa miaka mingapi, na nikitaka kuona hesabu nitaionaje. Akijibiwa kwamba mambo hayo ni ya kitaalamu mno, aondoke.

Juu ya intaneti tutasema kwa ufupi, kwani wanaoisifu wametosha. YouTube haigawi mapato ya matangazo mpaka chaneli ifikishe wafuatiliaji 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12. Baada ya hapo mwenye chaneli hupata asilimia 55 ya mapato ya matangazo ya video hizo. Mwanzoni basi ni ubao wa matangazo kuliko mfuko wa fedha. Autumie hivyo, na apige hesabu zake kwa kutegemea harusi.

Wapo watakaosema kwamba wamechelewa, wana miaka 30, vijana wa miaka 19 wamewapita. Siti binti Saad alizaliwa kama mwaka 1880 huko Fumba, akauza vyungu, akaingia Mjini Unguja akiwa mtu mzima ndipo akajifunza kuimba taarabu kwa utaratibu pamoja na wapigaji wake. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani alikuwa anakaribia miaka 50. Bi Kidude alipokea tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa bibi kizee, na aliendelea kupanda jukwaani miaka kadhaa baadaye. Muziki si mpira wa miguu. Mwenye kupanga apange kwa miaka 30.

Hatuwezi kumaliza bila kuwageukia wenzetu wenyewe. Matawi yetu yanapoita mikutano hutaka ngoma na bendi, kwani pasipo muziki watu hawaji mapema. Lakini mara nyingi wapigaji hulipwa kofia, fulana, soda na ahadi. Katibu yule yule hawezi kuthubutu kumwambia mwenye lori au mwenye mahema kwamba malipo yake ni heshima ya kushiriki. Bei ikubaliwe kwa maandishi, nauli ya vyombo ilipwe siku moja kabla, na iliyobaki ikabidhiwe kabla kipaza sauti hakijazimwa na wageni rasmi hawajaingia katika magari yao.